Ukitaka mwalimu afundishe afya usimpe semina ya siku mbili na soda (uzi mrefu, niko Bagamoyo)

#1 Ticha wa Pwani

Habari za jioni wakuu. Huu uzi ni mrefu, kama hupendi kusoma pita kimya kimya, sitaki mtu aje hapa kuniambia nifupishe.

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bagamoyo, shule siitaji na kata siitaji, nina miaka kumi na nne kazini. Mwaka 2017 mwenzetu aliyekuwa mwalimu wa afya alihama, kikaitwa kikao, mwalimu mkuu akauliza nani anafundisha Sayansi madarasa ya juu, wote wakanigeukia. Ndo nikawa mwalimu wa afya. Sio kwamba nilisomea wala niliomba, ni kwamba wenzangu waliinamisha vichwa mapema mi nikachelewa.

Baada ya mwezi nikaitwa semina. Siku mbili ukumbini, feni linapiga kelele kuliko mwezeshaji, na mwezeshaji mwenyewe anasoma slaidi za Kiingereza mstari kwa mstari na sisi tunanakili mstari kwa mstari kama tuko darasa la pili. Mchana wali kuku na soda, jioni foleni ya kusaini posho. Siku ya pili saa nane watu wameshaanza kuulizana magari. Tukapewa vyeti, tukapiga picha, tukasambaa.

Nikarudi shule nikafundisha kichocho vilevile nilivyofundishwa. Nikachora ubaoni ule mzunguko wote, mayai yanatoka na mkojo, yanaanguliwa majini, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinakulia humo, vinatoka vinaogelea vinatoboa ngozi ya mtu, mishale ya chaki za rangi kabisa. Nikatoa jaribio la maswali kumi. Darasa likanipa raha, kuna kijana mmoja alipata kumi ya kumi nikawaambia wenzie wampigie makofi.

Jumamosi naenda shambani kwa mama mkwe, tunapita pale maji yanapobaki Ruvu ikishafurika ikarudi, nasikia "Shikamoo mwalimuuu". Kuangalia, ni yuleyule wa kumi ya kumi, maji ya shingo, meno yote nje, na mwenzake amesimama ukingoni anakojolea humohumo.

Nikaitika marahaba. Ningefanyaje.

Sasa yule mtoto sio kwamba hajui. Anajua kunizidi mimi. Ila jua lilikuwa la Bagamoyo mwezi wa pili, bombani hakuna maji, rafiki zake wote wako mule, na mwalimu wake hajawahi hata dakika moja kumuuliza we ukitumwa maji unachota wapi na ukiitwa kuogelea unasemaje. Nilifundisha habari za konokono, habari zake yeye sikuzigusa. Na sikuzigusa kwa sababu mimi mwenyewe kule semina hakuna aliyenigusa, nilimwagiwa maneno nikaja kuyamwaga.

Naendelea chini, uji unachemka.

#2 Dagaa Mchele

Nimewahi siti ya mbele. Ila ticha swali moja la msingi, soda ilikuwa ya baridi?

#3 Ticha wa Pwani

@Dagaa Mchele ya uvuguvugu bwana, tena tuligawana ya machungwa tu.

Naendelea. Miaka miwili baadaye yakaja mafunzo mengine, haya hayakuwa hata na bango. Watu wawili tu, nesi wa zahanati yetu na kijana mmoja aliyesoma maigizo hapahapa TaSUBa, chuo cha sanaa. Hakuna projekta hakuna ukumbi, darasani kwetu wenyewe baada ya vipindi, Jumatano nne mfululizo, walimu kumi na mbili kutoka shule mbili za jirani. Posho ilikuwa nauli. Walimu wawili waliposikia ni nauli tu hawakurudi Jumatano ya pili, tuseme ukweli.

Siku ya kwanza nesi hakufundisha ugonjwa wowote. Alisema kila mtu aandae dakika kumi na tano, afundishe, sisi wengine tunakuwa watoto. Na walikuwa watoto kweli, anachokoza mwenzie, anaomba kutoka, analala. Mi nikapewa kubalehe. Nimeanza vizuri, nimeandika ubaoni mabadiliko ya mwili, mwalimu mmoja mtu mzima mwenye mvi zake akanyoosha mkono, "Mwalimu, na wewe hiyo hedhi unaipataga?"

Niliganda. Chumba kizima kimya. Kumi na mbili wote wazima, wenye watoto, tukashindwa kuangaliana. Nesi akasema haya, hilo swali utaulizwa na mtoto wa miaka kumi na moja mbele ya watoto themanini, bora ugande hapa. Rudia.

Nimerudia mara tatu hiyo siku. Jibu tulilolipata wote kwa pamoja ni kwamba mambo ya mwili wangu ni yangu na ya mwili wako ni yako, hapa tunazungumza miili ya watu wote, swali linalofuata. Unasema kwa upole, bila kufoka, unaendelea. Rahisi hivyo lakini kama hujalitamka kwa mdomo wako mbele ya watu siku likija utafoka tu, na ukishafoka mara moja hilo darasa halikuulizi tena kitu.

Jingine tulilojifunza ni kusema sijui. Mwalimu wa Kitanzania kusema sijui ni kama kuvua shati barabarani. Tulizoezwa: "Hilo silijui, nitamuuliza nesi, Ijumaa nitawajibu." Na Ijumaa ujibu kweli, usilete ujanja.

Kijana wa maigizo yeye alichukua hilohilo la kichocho. Akasema acheni mishale. Wekeni watoto wawili, mmoja yuko majini anamwita mwenzie "njoo, muoga wewe", huyu wa nchi kavu afanye nini? Darasani kwangu walijaribu majibu kama sita hivi, mengine ya kuchekesha, ila yakatoka mambo ambayo mimi na chati yangu nisingeyapata. Mmoja akasema mimi siwezi kuacha kwenda, mama ananituma maji. Kweli! Huyo ukimwambia usiingie majini umemwambia nini? Ndo nikamuuliza nesi, akanifundisha kwamba maji ukiyachota na kuyaacha kwenye ndoo siku mbili vile vijidudu vinakuwa vimekufa, hapo mtoto ana kitu cha kumwambia mama yake. Na wavulana wakakubaliana wenyewe kwamba mtu akojoe kwanza kichakani mbali na maji kabla hajaingia. Sio dawa kamili najua. Ila wale niliowafundisha mishale hawakukubaliana chochote.

Wiki tatu baada ya mafunzo kuisha nesi akaja, akakaa nyuma ya darasa langu na kidaftari. Baada ya kipindi akaniambia umeuliza maswali kumi na nne, kumi na mbili umeyajibu mwenyewe. Nilitamani kumpiga. Lakini ni kweli.

#4 Kidume cha Kerege

Mwalimu nakuheshimu ila mmezidi kukubali kila kitu. Mwalimu huyohuyo ana watoto mia darasani, asahihishe madaftari, asimamie uji, aandike taarifa ya mahudhurio, aende sensa, asimamie uchaguzi, sasa na unesi juu. Wizara ya Afya ina watu wake, waje wafundishe. Hayo mafunzo ya nauli ndo mnavyojishusha thamani.

#5 Ticha wa Pwani

@Kidume cha Kerege kaka yangu kwenye mzigo sikupingi hata kidogo, tena kwenye posho ndo kabisa, mtu alipwe. Ila nesi wa zahanati yetu yuko peke yake zamu nzima, anazalisha anachanja, atakuja darasani kwangu mara ngapi kwa mwaka? Mara moja. Mimi niko na hawa watoto kila siku ya Mungu, najua nani haji shule siku tano kila mwezi na najua kwanini. Hilo nesi hawezi kulijua.

#6 Nesi wa Zamu

Nimecheka hapo pa kupigwa. Mi sio nesi wa huyo ticha lakini kazi ni hiyohiyo, niko wilaya nyingine mkoa huuhuu wa Pwani.

Naomba niongezee upande wetu maana na sisi tuna makosa. Tukiwafundisha walimu huwa tunataka kuwageuza madaktari wadogo, tunawapa dalili za magonjwa ishirini. Mwalimu hahitaji dalili ishirini. Anahitaji kujua mambo machache ila ayajue mpaka usingizini. Mfano siku ya kugawa dawa za kichocho na minyoo. Dawa ya kichocho dozi inapimwa kwa ule ubao wa urefu, mtoto anasimama, unasoma vidonge vingapi, sio kukadiria kwa macho. Na mtoto ale kwanza. Hili narudia, ALE KWANZA. Ile dawa tumboni patupu inaleta kizunguzungu, kichefuchefu, wengine wanatapika, na mmoja akitapika mbele ya foleni wengine thelathini wanaanza kuumwa papo hapo kwa woga.

Mnakumbuka Morogoro 2008, wazazi walivamia mashule baada ya kusikia watoto wanadhurika na dawa za kichocho, zoezi likasimama. Dawa ilikuwa ni ileile inayotumika dunia nzima. Watu hawakuelezwa vya kutosha kabla, na walimu nao hawakuwa na jibu la kuwapa wazazi getini.

Kingine ni siri. Mwalimu akimwona mtoto anakojoa damu amlete zahanati na mzazi wake, asimsimamishe mstarini awe mfano. Nimewahi kuletewa mtoto na kundi la wenzie wanamzomea, mwalimu alidhani anasaidia.

#7 Mdigo wa Ngamiani

Tanga hapa. Haya mambo ya walimu kugawa dawa sie tuliyaanza zamani wajameni. Miaka ya tisini mkoani kwetu kulikuwa na UKUMTA, Ushirikiano wa Kumwendeleza Mtoto Tanzania, walimu ndo walikuwa wanatupa vidonge vya minyoo na kichocho shuleni. Nilikuwa mdogo, nakumbuka mwalimu wetu alikuwa anakupa kidonge halafu anasema "fungua domo" anakagua chini ya ulimi. Tulimwogopa kuliko minyoo yenyewe. Lakini sikumbuki hata siku moja aliyetuambia minyoo inatoka wapi. Labda alisema nikawa nimelala.

#8 Mzee wa Mwambao

Wanangu, mie nilistaafu ualimu zamani, nasoma tu kwa simu ya mjukuu.

Kuna jambo hamjaligusa. Huku kwetu kwa Wakwere na Wazaramo mtoto wa kike akivunja ungo ana somo wake, ana kungwi, anawekwa ndani, anafunzwa, anatolewa kwa ngoma. Huyo somo ndiye mwalimu wa afya wa kwanza, hata kama mengine anayofunza hamyapendi. Sasa mwalimu wa shule anakuja na chati yake anafundisha yaleyale hadharani tena mchanganyiko wavulana na wasichana, halafu anashangaa bibi anamwambia mjukuu "hayo ya shule yaache hukohuko". Zamani zangu nilifanya kosa hilo, nikaitwa kwa mwenyekiti wa kijiji, nikasemwa nikasemeka. Baadae nikawa namwendea kungwi kabla, namwambia mama, mimi nitasema hili na hili, wewe unalionaje. Alinirekebisha maneno mawili nikawa mtu wake. Hayo mafunzo yenu yanamwalika kungwi?

#9 Ticha wa Pwani

@Mzee wa Mwambao shikamoo mwalimu. Hapo umenishika, hatukumwalika. Ila na mimi niseme yangu, kuna makungwi wanamwambia mtoto wa miaka kumi na mbili mambo ya kumtunza mume. Huyo nitakaa nae vipi?

#10 Mzee wa Mwambao

Marahaba. Utakaa nae hivyohivyo. Usipokaa nae ataendelea kusema, na wewe hutajua amesema nini.

#11 Ajira Mpya

Naombeni msaada wakuu. Mi ni mwalimu wa kiume, nina miezi saba kazini, niko huku ndani kidogo upande wa Fukayosi, nimepangiwa Sayansi darasa la sita na wiki ijayo nafika kwenye hedhi. Shule nzima walimu wa kike wawili na wote wako madarasa ya chini. Chuo tulisoma andalio la somo na zana basi, hiki kitu hatukuwahi kukifanyia mazoezi. Niruke?

#12 Kidume cha Kerege

Ruka dogo. Utaitwa majina.

#13 Ticha wa Pwani

@Ajira Mpya usiruke mdogo wangu. Ukiruka umewafundisha kwamba ni kitu kichafu, na hao wavulana ndo watakaocheka mwenzao akichafuka sketi.

Fanya hivi. Muombe mmoja wa hao madada akae darasani tu, asiseme kitu, uwepo wake unatosha. Wazazi wapewe taarifa kupitia kikao au hata mwenyekiti wa kamati ya shule, wasisikie kwa watoto. Siku mbili kabla weka boksi la chaki tupu, toboa juu, kila mtoto aandike swali bila jina, na KILA mtoto aandike hata kama hana swali achore ua, ili anayeandika asijulikane. Hii ya ua nilifundishwa na nesi na ndo siri ya boksi lote. Soma nyumbani kwanza usije ukakutana nayo ubaoni. Halafu leo jioni simama chumbani kwako useme neno hedhi kwa sauti mara ishirini. Usicheke, mi nilifanya.

#14 Ajira Mpya

Mwenye nyumba wangu ataniita mchawi lakini sawa.

#15 Mama Wawili

Mi mzazi tu nimepita. Mwaka 2024 shuleni kwa mwanangu walikuja kuchanja HPV, ile ya saratani ya mlango wa kizazi. Nikamuuliza mwalimu wa darasa hii ndo ile wanasema inafunga kizazi? Akanijibu "mama mi nimeletewa orodha tu". Basi nikamficha mtoto siku hiyo. Baadae nikaelezwa vizuri kliniki, kwamba zamani 2018 walianza na wa miaka 14 na mwaka huo 2024 ikawa miaka 9 mpaka 14 dozi moja tu, nikampeleka mwenyewe. Ila yule mwalimu angenieleza pale getini nisingemficha. Simlaumu sana, kumbe na yeye hakuelezwa.

#16 Nesi wa Zamu

@Mama Wawili asante sana dada. Hapo ndo pa kuwafundisha walimu. Uvumi haujibiwi kwa hotuba. Unamuuliza kwanza mzazi umesikia nini na umesikia kwa nani, unamsikiliza mpaka mwisho, ndo unasema unachokijua. Hii nayo inafanyiwa mazoezi, mmoja anakuwa mzazi mbishi.

#17 Mratibu Mstaafu

Mnalilia semina wakati MEWAKA ipo. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, walimu mnakaa shuleni kwenu kwenye jumuiya za ujifunzaji, mnachagua wenyewe mada inayowasumbua. Nani kawakataza kuchagua afya? Shule nyingi mnachagua KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) na Hisabati kwa sababu ndo zinapimwa. Na mwalimu mkuu awepo, sio anafungua kikao anaondoka. Mna ADEM hapo mlangoni kwenu inayofundisha uongozi wa elimu, mi ningetamani kila mwalimu mkuu akitoka pale ajue mwongozo wa vyoo unasema tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, halafu ahesabu vya kwake.

#18 Ticha wa Pwani

@Mratibu Mstaafu umegonga penyewe. Sie tulifundisha kunawa mikono wiki nzima, nyimbo mpaka wazazi wakazijua, mtoto anatoka chooni hakuna maji. Yaani somo zima tumelifuta wenyewe. Mwalimu mkuu alikaa Jumatano ya tatu nzima na sisi, akasikia mtoto wa kuigiza (mwalimu mwenzetu) akiuliza "maji yako wapi mwalimu", ndo akakubali. Tukafunga vibuyu chirizi vinane kwa madumu ya lita tano na kamba, klabu ya afya inajaza asubuhi. Vitatu vimeibwa kamba. Sabuni bado ni mtihani, tunachangishana.

#19 Dagaa Mchele

Nani anaiba kamba ya kibuyu chirizi jamani, anafungia nini?

#20 Mdigo wa Ngamiani

Mbuzi.

#21 Ajira Mpya

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita. Nimefundisha. Mara ya kwanza kusema lile neno sauti ilikwama kidogo, wavulana wa nyuma wakacheka, nikasema tena wakanyamaza. Mwalimu wa kike alikaa mlangoni anasahihisha madaftari yake, mwishoni akajikuta anajibu maswali yeye. Darasa lina watoto 72, boksi limetoa karatasi 72, maua 39. Kuna aliyeuliza kama kukojoa damu kwa mvulana ndo hedhi ya wavulana, huyo nikajua ni kichocho, nimewaambia darasa zima yeyote mwenye hali hiyo aje kwangu peke yake, wamekuja wawili, kesho tunaenda zahanati na wazazi wao.

Ila karatasi kama kumi na moja hivi zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti. Kwanini choo cha wasichana hakina mlango. Moja imeandikwa "mwalimu umesema nibadilishe kitambaa shuleni, nibadilishie wapi". Hiyo sijaijibu, nimewaambia Ijumaa. Nifanyaje?

#22 Ticha wa Pwani

Hizo karatasi usizinakili wala usiziandikie barua. Chukua hizohizo kumi na moja na mwandiko wao, mpelekee mwalimu mkuu mkiwa wawili, wewe na yule dada wa mlangoni, kabla ya Ijumaa. Halafu uje utuambie.

#23 Ajira Mpya

Alhamisi. Amezisoma zote, akairudia moja mara mbili. Hakusema kitu. Saa hii namsikia anampigia fundi.